Mafunzo ya uzamili kuhusu matatizo ya ukuaji wa ubongo nchini Tanzania

Mafunzo ya uzamili kuhusu matatizo ya ukuaji wa ubongo ni masomo ya baada ya shahada ya kwanza yanayowaandaa madaktari, wauguzi, wanasaikolojia, wataalamu wa utengamao na maofisa ustawi wa jamii kuwatambua na kuwahudumia watu wenye usonji, ulemavu wa akili, kuchelewa kwa lugha, ukosefu wa umakini na hali nyingine zinazoanza utotoni na kuendelea hadi utu uzima. Nchini Tanzania masomo hayo kwa kawaida hupatikana ndani ya fani pana zaidi, hasa magonjwa ya watoto, afya ya akili, saikolojia tiba na uuguzi.

Taasisi kongwe katika eneo hili ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Kampasi yake ya kwanza iko Upanga, jijini Dar es Salaam, na ya pili iko Mloganzila, karibu na mahali mkoa wa Dar es Salaam unapopakana na wilaya za Kibaha na Kisarawe za mkoa wa Pwani. Makala hii inazitumia wilaya hizo mbili kama mfano. Mtu anayesimama Mloganzila yuko karibu na chuo kikuu cha tiba na pia karibu na vijiji ambavyo mtoto asiyesema akiwa na miaka 4 hupelekwa kwanza kwa mganga, kisha kwa ofisa tabibu, na huenda asimfikie kabisa mtu aliyesomea jambo hilo.

Maana na majina

Shirika la Afya Duniani (WHO) huorodhesha matatizo ya ukuaji wa ubongo katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Kundi hilo lina ulemavu wa akili, matatizo ya usemi na lugha, usonji, matatizo ya kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, matatizo ya uratibu wa misuli, hali ya kukosa umakini na kutotulia, na tabia ya kurudiarudia mijongeo. Kifafa na ulemavu wa viungo unaotokana na kuumia kwa ubongo vimewekwa katika sura ya magonjwa ya mfumo wa fahamu. Katika kliniki za Afrika Mashariki mgawanyo huo haudumu sana, kwa sababu mara nyingi mtoto mmoja huwa na mambo mawili au matatu kwa pamoja.

Kiswahili chenyewe ni sehemu ya somo. Neno "usonji" limeenea Tanzania tangu vyama vya wazazi na shule zenye vitengo maalumu zilipoanza kulitumia, na leo linafahamika hata redioni. "Mtindio wa ubongo" ni neno gumu zaidi: wengine hulitumia kwa mtoto ambaye mikono na miguu imekakamaa, wengine kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili, na wengine kwa yeyote anayeonekana kuwa tofauti. Barua ya rufaa yenye maneno hayo pekee haimwambii daktari anayeipokea kama amwite mtaalamu wa mazoezi tiba au mwanasaikolojia. Kadhalika "taahira", neno lililoandikwa zamani hata katika nyaraka rasmi, sasa huchukuliwa kuwa tusi. Mwanafunzi wa uzamili aliyesoma vitabu vyote kwa Kiingereza hujikuta akilazimika kujifunza upya namna ya kumweleza bibi wa Maneromango kile alichokiona kwa mjukuu wake.

Kuna pia "degedege". Katika pwani yote ya Tanzania neno hili hutaja mtukutiko wa mwili unaompata mtoto mwenye homa kali, na kwa imani ya wengi husababishwa na ndege au pepo. Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliitambua degedege kama ugonjwa wa pekee, tofauti na malaria, wenye tiba yake ya kienyeji. Kwa mtaalamu wa ukuaji wa ubongo jambo hili si la ngano tu. Degedege ya muda mrefu katika malaria kali inaweza kuacha kifafa, kupoteza lugha au matatizo ya tabia, na historia ya mtoto haitapatikana ikiwa anayeuliza halijui neno ambalo mama analitumia, au akilicheka.

Ukubwa wa jambo

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 na kundi la watafiti wa kimataifa yalitaja watoto milioni 52.9 wa chini ya miaka 5 waliokuwa na ulemavu wa ukuaji duniani mwaka 2016. Takriban asilimia 95 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Watafiti hao walibaini pia kwamba idadi hiyo ilikuwa karibu sawa na ya mwaka 1990, ingawa katika muda huo vifo vya watoto vilikuwa vimepungua sana. Watoto wameokolewa, lakini huduma ya baada ya kuokolewa haikukua kwa kasi hiyohiyo.

Sababu hutofautiana. Usonji na ukosefu wa umakini una mizizi mikubwa katika urithi, na hutokea katika kila nchi. Katika mazingira ya Pwani huongezeka mambo yanayoweza kuzuilika: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za kwanza, uti wa mgongo, malaria inayopanda kichwani, kuzaliwa kabla ya wakati, na utapiamlo. Mwaka 2006 R. E. Mankoski na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kitanzania, walichapisha taarifa ya watoto 20 wa Tanzania. Kati yao 14 walitimiza vigezo vya usonji, na 3 miongoni mwa hao walikuwa wamekua kawaida hadi walipougua malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege; dalili zao zilianza walipopata nafuu. Idadi hiyo ni ndogo mno kuthibitisha chanzo, na waandishi wenyewe walionyesha kwamba kwa watoto wengine uhusiano na maambukizi ulikuwa wa kubahatisha. Hata hivyo taarifa hiyo bado inasomwa, kwa kuwa inauliza swali ambalo vitabu vya Ulaya haviulizi.

Historia

Utafiti wa usonji barani Afrika kwa kawaida huhesabiwa kuanzia Victor Lotter, aliyechapisha mwaka 1978 matokeo ya uchunguzi wake katika miji ya nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Alitafuta watoto katika taasisi za watu wenye ulemavu wa akili, yaani wale tu ambao tayari walikuwa wamepelekwa mahali fulani. Waliobaki majumbani hawakuonekana.

Kibaha ina historia yake katika mafunzo ya afya. Mradi wa nchi za Nordiki ulianzishwa hapo mwaka 1963, mara baada ya uhuru wa Tanganyika, ukiunganisha shule ya sekondari, kituo cha mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mnamo Januari 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Kutokana na kituo cha afya ilikua hospitali ya Tumbi, kando ya barabara ya Morogoro, ambayo sasa ni hospitali ya rufaa ya mkoa wa Pwani. Chini ya shirika kiko pia chuo cha afya kilichojulikana kwa miaka mingi kwa kuwafundisha maofisa tabibu. Wazo la mradi lilikuwa kuviweka pamoja elimu, afya na kilimo. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa ukuaji wazo hilo lina maana hadi leo, kwa sababu maisha yake hugusa hospitali, shule na riziki ya nyumbani kwa wakati mmoja.

Mafunzo ya udaktari yalianza Dar es Salaam mwaka 1963. Shule hiyo baadaye ikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1991 ikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 chuo kikuu kamili kwa jina la MUHAS. Eneo la Upanga lilikuwa limejaa, hivyo chuo kilipewa ardhi Mloganzila, takriban ekari 3,800. Hospitali iliyojengwa huko kwa mkopo wa Korea Kusini ilizinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 25 Novemba 2017. Mwaka uliofuata uendeshaji wake uliwekwa chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kwa wakazi wa Kiluvya, Kibaha na mji wa Kisarawe, hospitali yenye mabingwa ikawa karibu kuliko ilivyowahi kuwa.

Njia za kuingia katika fani

Daktari anayetaka kujikita katika ukuaji wa ubongo huanza na shahada ya udaktari na mwaka 1 wa utarajali. Kisha husoma shahada ya uzamili ya tiba, kwa kawaida miaka 3, ama katika magonjwa ya watoto ama katika afya ya akili, na huandika tasnifu. Mbali na MUHAS, uzamili wa magonjwa ya watoto hutolewa pia na vyuo vikuu vya tiba vya Moshi (KCMC) na Mwanza (Bugando), pamoja na vingine. Baada ya hapo kuna ngazi ya ubingwa bobezi, kwa mfano magonjwa ya mfumo wa fahamu ya watoto, ambako Watanzania wengi wamelazimika kwenda nje.

Tofauti kati ya milango hiyo miwili si ndogo. Daktari wa watoto huzoea kutafuta chanzo: damu, picha ya kichwa, historia ya uzazi. Daktari wa afya ya akili huzoea kusikiliza tabia na familia. Mtoto wa miaka 6 asiyetulia darasani anahitaji vyote viwili, na kila mmoja wa madaktari hao hutoka chuoni akiwa na nusu moja imara kuliko nyingine. Katika maoni ya mwandishi wa makala hii, mahali penye faida kubwa kwa kozi fupi ya pamoja ni hapo, kabla ya kufikiria shahada mpya yenye jina jipya.

MUHAS hutoa pia uzamili wa saikolojia tiba na wa uuguzi wa afya ya akili. Wanasaikolojia tiba ndio wanaofundishwa kupima uwezo wa akili na kumsaidia mzazi kubadili namna ya kushughulikia tabia ngumu. Wauguzi wa ngazi hii mara nyingi ndio wanaobaki na familia muda mrefu kuliko daktari.

Upande wa utengamao umechelewa. Kwa miaka mingi wataalamu wa tiba ya utendaji kazi wa Tanzania walitoka katika chuo cha KCMC Moshi, kilichotoa stashahada tangu miaka ya 1980. Shahada za kwanza za tiba hiyo na za tiba ya usemi na lugha zimekuja katika miaka ya karibuni tu. Makerere, Uganda, ilitangulia: shahada yake ya tiba ya usemi na lugha ilianza mwaka 2008 na ilihesabiwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Ni vigumu kuzungumzia uzamili katika fani ambayo wahitimu wake wa shahada ya kwanza bado ni wachache, ingawa mtoto mwenye usonji anamhitaji mtaalamu wa lugha pengine kuliko daktari.

Maofisa ustawi wa jamii hupitia Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Kijitonyama, Dar es Salaam, iliyoanzishwa miaka ya 1970, au vyuo vikuu vingine. Hao ndio huandika taarifa zinazomwezesha mtoto kupata msamaha wa gharama za matibabu, au kuhamishiwa shule yenye kitengo maalumu. Kwa walimu, chuo cha Patandi mkoani Arusha ndicho kinachojulikana zaidi kwa elimu maalumu.

Yanayofundishwa

Kiini cha mafunzo ni tathmini. Hakuna kipimo cha damu cha usonji wala cha ukosefu wa umakini. Utambuzi hutegemea historia, kumwangalia mtoto akicheza, na kumwuliza mtu anayeishi naye. Jambo la kwanza ni masikio. Mtoto asiyeitikia jina lake anaweza kuwa kiziwi, na kuna watoto waliopewa jina la usonji kabla ya mtu yeyote kupima usikivu wao. Yanafuata macho, kifafa, hali ya lishe na vipimo vya kichwa. Baada ya hapo ndipo huulizwa juu ya lugha, michezo, usingizi, chakula na ushirika na watoto wengine.

Vifaa vya tathmini vina matatizo yake. Vile vinavyotumika zaidi Ulaya na Marekani huuzwa kwa bei kubwa, na anayevitumia hutakiwa kupata mafunzo ya kulipia. Vingine ni bure, kama dodoso la M-CHAT-R lenye maswali 20 kwa wazazi wa watoto wa miezi 16 hadi 30. Hata hilo haliwezi kutafsiriwa neno kwa neno. Linauliza, kwa mfano, iwapo mtoto humtazama mzazi machoni anapozungumza naye. Katika familia nyingi za pwani mtoto hufundishwa mapema kutowakodolea macho wakubwa, hivyo mwanafunzi lazima ajue kutofautisha adabu na dalili. Vifaa vya kuangalia uwezo wa mikono vinaweza kudai mtoto apange vipande vya plastiki ambavyo hajawahi kuviona, ilhali angepanga vifuu au vizibo vya soda bila shida.

Ndiyo maana kazi iliyofanyika Kilifi, pwani ya Kenya, ina thamani kubwa kwa Pwani ya Tanzania. Huko watafiti, wakiongozwa na Charles Newton na Amina Abubakar miongoni mwa wengine, wamejifunza kwa miongo kadhaa ukuaji wa watoto baada ya malaria, kifafa na maambukizi ya VVU, na wametengeneza kipimo cha ukuaji kwa kutumia vitu vinavyopatikana kijijini. Kutoka Malawi kilikuja kipimo kingine cha ukuaji, kilichoelezwa na Melissa Gladstone na wenzake mwaka 2010, ambacho kimetumika katika nchi nyingi za Afrika. Lugha ya Kilifi na ya Kisarawe si moja kabisa, lakini ziko karibu kiasi kwamba maswali husafiri kwa usumbufu mdogo.

Dawa huchukua nafasi ndogo kuliko wazazi wengi wanavyotarajia. Usonji wenyewe hauna dawa. Methilifenideti, dawa inayotumika sana duniani kwa watoto wasiotulia, ilipendekezwa kuingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya WHO, lakini pendekezo hilo lilikataliwa mwaka 2019 na tena 2021. Mahali ambapo elimu ya dawa hubadilisha maisha waziwazi ni kwenye kifafa. Fenobabito ni rahisi na hupatikana, lakini kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili au matatizo ya tabia inaweza kuzidisha kutotulia. Mwongozo wa mhGAP wa WHO unashauri kutumia kabamazepini au valproati kwa watoto hao inapowezekana, kwa tahadhari kwamba valproati haifai kwa wasichana wanaokaribia umri wa kuzaa. Mzazi anayesema "tangu aanze dawa amekuwa mtundu" huenda anasema ukweli wa kifamasia, na mhudumu aliyesoma ataubadili mpango badala ya kumkaripia.

Sehemu ya mwisho ya mtaala ni familia. Joel Ambikile na Anne Outwater wa MUHAS walichapisha mwaka 2012 utafiti uliowasikiliza walezi wa watoto wenye matatizo ya akili waliohudhuria kliniki ya Muhimbili. Walezi walieleza huzuni na wasiwasi juu ya maisha ya baadaye ya mtoto, kunyanyapaliwa na majirani, kukosa msaada wa jamaa, na umaskini unaotokana na kushindwa kufanya kazi kwa sababu mtoto hawezi kuachwa peke yake. Ni mzigo ambao mara nyingi humwangukia mama. Mpango wa matibabu unaomtaka asafiri na mtoto kutoka Mzenga hadi Upanga kila wiki haujali hali hiyo hata kidogo.

Kutoka hospitali ya rufaa hadi zahanati

Mfumo wa rufaa wa Tanzania hupanda kutoka zahanati hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha hospitali ya taifa. Kwa wilaya ya Kisarawe hiyo ina maana ya zahanati ya kijiji kama vile vya kata ya Vikumbulu, hospitali ya wilaya iliyopo mjini Kisarawe kwenye vilima vya Pugu, Tumbi, na mwishowe Muhimbili au Mloganzila. Upande wa Kibaha safari huanzia Magindu au Ruvu, kupitia Mlandizi. Wenye shahada za uzamili wako juu ya ngazi hiyo. Watoto wako chini yake.

Kliniki ya mama na mtoto ndiyo mahali pazuri zaidi pa kukutana. Karibu kila mtoto hupelekwa kupimwa uzito na kupewa chanjo, na kadi yake huandikwa. Dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 18, umri ambao mtoto anapaswa kuwa anatembea, ananyoosha kidole kuonyesha kitu na kutamka maneno machache. Tatizo ni kwamba mahudhurio hupungua baada ya chanjo ya miezi 9, na siku ya kliniki muuguzi mmoja huwa na foleni ndefu. Swali moja lililoulizwa vizuri hapo lina faida kuliko dodoso refu linalobaki kabatini.

Je, kozi fupi zinatosha? Tanzania ina ushahidi wake katika jambo la karibu, nalo ni kuwasaidia watoto wachanga wasiopumua. Programu ya mafunzo hayo ilianza nchini mwaka 2009, na matokeo ya hospitali 8 yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47. Hata hivyo uchunguzi wa Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, uligundua kwamba kozi ya siku moja iliboresha utendaji wa wakunga kwenye mwanasesere wa mazoezi bila kubadilisha walichofanya kwenye chumba cha kujifungulia. Hali ilibadilika pale mazoezi mafupi yalipoanza kufanywa mara kwa mara, hapohapo kazini. Kinachohusu ukuaji wa ubongo ni kwamba mtaalamu wa uzamili akipangwa kwenda wilayani siku moja kila mwezi, mwaka mzima, huenda akafundisha zaidi ya semina ya wiki moja hotelini.

Jambo hilohilo linaweza kusemwa juu ya kambi za madaktari bingwa zilizozungushwa katika halmashauri zote nchini mwaka 2024. Zilidumu siku chache kila mahali na zilileta mabingwa wa uzazi, watoto, upasuaji, magonjwa ya ndani na ganzi. Kwa ngiri au uvimbe wa kizazi siku 5 zinatosha. Kwa mtoto asiyesema, siku 5 zinatosha kumpa jina la tatizo, na mama akabaki nalo peke yake gari linapoondoka.

WHO imeandaa mafunzo ya stadi za walezi kwa familia za watoto wenye ulemavu wa ukuaji, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Yanaweza kuendeshwa na watu wasio wataalamu, mradi wasimamiwe na mtu aliyebobea. Kenya na Ethiopia zimekuwa zikiyapima kwa pamoja katika mradi wa SPARK, na Kilifi ni moja ya maeneo yake. Nchini Tanzania msingi wa kuyapokea upo: mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024 unakusudia kuwa na wahudumu 137,294, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 inawahusu watoto kuanzia kuzaliwa hadi miaka 8. Msimamizi aliyebobea ndiye anayekosekana, na hapo ndipo shahada ya uzamili inapopata kazi yake halisi wilayani.

Mafunzo katika nchi nyingine

Barani Afrika, Chuo Kikuu cha Ibadan nchini Nigeria kina uzamili wa afya ya akili ya watoto na vijana unaopokea wanafunzi kutoka fani na nchi mbalimbali. Olayinka Omigbodun ni miongoni mwa waanzilishi wake. Chuo Kikuu cha Cape Town kimeendesha tangu mwaka 2008 mpango wa kuwafundisha madaktari wa watoto kutoka nchi nyingine za Afrika, ukiwemo ubobezi wa mfumo wa fahamu na wa ukuaji wa mtoto. Sharti lake ni kwamba chuo cha nyumbani humtuma daktari na kumpokea anaporudi. Utaratibu huu umepunguza kwa kiasi kikubwa ile desturi ya msomi kupotelea ughaibuni.

Uingereza ina kozi nyingi za uzamili za usonji, baadhi zikisomwa kwa masafa, lakini mabadiliko makubwa huko yalikuja kwa njia ya sheria. Sheria ya Afya na Huduma ya mwaka 2022 inawataka watoa huduma wote waliosajiliwa nchini England kuwapa wafanyakazi wao mafunzo juu ya ulemavu wa akili na usonji, kila mmoja kwa kiwango cha kazi yake. Mafunzo yanayopendekezwa yana jina la Oliver McGowan, kijana wa miaka 18 mwenye usonji aliyefariki mwaka 2016 baada ya kupewa hospitalini dawa ya akili ambayo yeye na wazazi wake walikuwa wameikataa. Sehemu ya mafunzo hayo huendeshwa na watu wenye usonji na wenye ulemavu wa akili wenyewe, jambo ambalo vyuo vya Afrika Mashariki vinaweza kulianza bila kusubiri fedha za jengo wala mashine.